Mtani na Santuri ya Marehemu

Tangu Lucian azikwe, gramafoni yake ilikaa chini ya kitanda, imefunikwa kanga, na hakuna aliyeigusa. Mjane wake, Genoveva, hakuwa na haja ya kumkataza mtu. Pale Mbwawa kila mmoja alijua kwamba nyumba ya matanga haipigi muziki, na kwamba siku ya arobaini, misa ikishasomwa na watu wakishakula, wenzake Lucian wa santuri wangekuja kuifungua wenyewe. Ndivyo walivyoagana wakiwa wazima: atakayetangulia, waliobaki kila mmoja alete santuri moja, ile anayoipenda kuliko zote tangu apate masikio, aipigie nyumba ya mwenzake. Moja tu, na isiwe ya kuazima.

Kundi lao lilikuwa la watu wanne. Lucian mwenyewe alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, Mzaramo wa Vihingo, mtu wa kanisa, mpole. Mwishehe alikuwa mchuuzi wa nazi wa Marui. Alikuwa akija kwa baiskeli, santuri zake amezifunga kifuani kwa shuka kama mama aliyembeba mtoto mchanga. Maneno alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge wa kambini, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelijua, kwa kuwa hilo la Maneno lilimtosha kabisa. Wa nne alikuwa Bartolomeo, dereva wa lori la shamba, Mhaya wa Bukoba aliyerudi kutoka vita vya Burma na kovu shingoni. Huyu alianza kwa kuja kusikiliza santuri, akaishia kumwoa Benedikta, binti pekee wa nyumba.

Jumapili alasiri walikaa ukumbini, santuri zimepangwa mkekani, wakizipiga na kuzigombania. Sheria yao ilikuwa moja: sindano ikiwa juu ya santuri, hakuna kusema neno. Ikishanyanyuliwa, sema utakavyo. Na walisema!

"Hiyo ndiyo unaiita nzuri?" Maneno angeuliza. "Huyo mwimbaji anaimba au kabanwa kidole na mlango?"

"Afadhali huyo," Mwishehe angejibu, "kuliko hao wako wanaogonga madebe."

"Madebe! We muuza nazi, masikio yako yamejaa tui."

Genoveva aliwasikia kutoka uani akichambua mchele, na mara nyingi alicheka peke yake. Lakini kuna Jumapili moja hakucheka. Fundi mmoja wa karakana alikuja mgeni, na santuri ya Bartolomeo ikiwa inazunguka, akaanza kuifuatisha kwa mluzi. Bartolomeo aliinuka. Alimshika yule fundi kisogoni, akambamiza mdomo kwenye mwimo wa mlango, akambamiza tena, na tena, mpaka meno yakadondoka kizingitini kama punje za mahindi. Kisha akarudi kukaa, akasubiri santuri imalizike. Lucian alijaribu kuligeuza jambo lile kuwa mzaha. Genoveva ndiye aliyeisugua damu kwa maji na majivu, na tangu siku hiyo macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya mkwewe. Aliona kwamba kabla Bartolomeo hajapiga, uso haubadiliki hata kidogo. Ni kidole gumba tu cha mkono wa kulia ndicho kinachoingia polepole ndani ya ngumi.

Kumtazama kwa mbali aliweza. Kusema naye hakuweza. Mama mkwe wa Kizaramo hakai mkeka mmoja na mume wa binti yake, hamtaji kwa jina, hasemezani naye uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja hupisha majanini, na mwanamke hujifunika kanga kichwani. Likiwapo neno, hupitia kwa binti. Bartolomeo hakuhitaji kufundishwa adabu hiyo, maana hata kwao ukwe una heshima yake, na katika hilo hakuwahi kumkosea.

Asubuhi ya arobaini Genoveva alikuwa na neno moja la kupitisha. Siku ya mazishi Maneno hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao Tabora kuona wazee. Akirudi angekuja, na angekuja kama mtani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akiingia kwenye msiba haji kulia. Huja kumtukana marehemu, kuiga kikohozi chake, kuvaa koti lake, kunyakua kitu na kutishia kukiharibu mpaka akikomboe mwenye nyumba kwa kuku. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa acheke, na akicheka ndipo kilio kinapokatika. Haya yote aliyajua kila mtu pale isipokuwa Bartolomeo, ambaye ujana wake ulipita jeshini, na ambaye hapa pwani msiba huu ndio ulikuwa wa kwanza kumhusu.

"Umemwambia mwenzio habari za Maneno?" Genoveva alimuuliza binti yake jikoni.

Benedikta, na mimba yake kubwa ya kusubiri siku, alikuwa akikuna nazi huku amefura. "Nimemnunia tangu jana, mama. Sisemi naye."

"Kanune kesho. Leo kamwambie. Mwambie huyo ni mtani wetu, akifanya lolote amwache afanye."

"Maneno mwenyewe hata hajarudi. Kambini wanasema hajaonekana."

"Benedikta."

"Nimesikia, mama. Nikimaliza tui nitamwambia."

Tui likakamuliwa, wali ukaiva, watu wakarudi kutoka misani wakala, na Benedikta hakusema. Genoveva alilijua hilo kwa kuwatazama tu, jinsi walivyokuwa wakipishana mlangoni kama watu wasiojuana. Akaona afadhali alipitishe kwa Mwishehe.

"Shemeji," alimwita pembeni, "kuna neno nataka unifikishie kwa mkwe."

Mwishehe alikuwa ameshaikumbatia gramafoni, jasho linamtoka kwa furaha na huzuni. "Tukimaliza tu kupiga, shemeji. Watu wameshakaa."

Wakakaa. Wanaume ukumbini, wanawake mlangoni na uani, Genoveva kwenye kigoda nyuma ya mlango, mahali ambapo angeweza kuona bila kuonana na mkwewe. Mwishehe ndiye aliyetangulia. Santuri yake ilikuwa ya taarabu ya Unguja, mwanamke akiimba na fidla ikimfuata nyuma kama mtu anayeomba asamehewe. Ilipofika katikati, pale palipokwaruzika kwa kupigwa mno, Mwishehe alifumba macho na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Ilipokwisha hakuna aliyemtania. Bartolomeo akapiga yake, aliyoinunua Rangun, kule Burma: filimbi tupu, bila mwimbaji, inapanda na kushuka. Mzee mmoja akauliza kama huyo mpigaji alikuwa amesahau maneno ya wimbo, watu wakacheka kidogo, na Bartolomeo naye akatabasamu. Genoveva akashusha pumzi.

Ya mwisho ilikuwa ya Lucian mwenyewe. Ilikaa kwenye mfuko wa kwanza wa albamu yake, kile kitabu kikubwa cha makaratasi magumu alichowekea santuri zake, na watu wasiomfahamu vizuri wangeshangaa kuiona, maana mtu yule wa kanisa hakupenda santuri yoyote kama ile ya rumba, yenye tarumbeta mbili zinazojibizana. Bartolomeo aliitoa kwa mikono miwili. Akaifuta kwa ubavu wa shati. Akatia gramafoni ufunguo kwa kuuzungusha ule mkono wa chuma mpaka ukakaza, akaweka sindano, akapiga magoti pale pale badala ya kukaa. Genoveva alimwona mdomo ukimtetemeka. Kijana huyu hakuwa na baba. Baba alimpata katika nyumba hii, na sasa alikuwa akimsikiliza kwa mara ya mwisho.

Tarumbeta ya pili ilikuwa imeanza kujibu, ndipo kikohozi kikasikika chumbani. Kikohozi cha Lucian hasa, kile cha kukwangua koo na kumalizia na "ehe!" Wanawake wawili walipiga ukelele. Pazia likafunuliwa, akatoka Maneno. Alikuwa ameingilia mlango wa nyuma, amevaa koti la marehemu, na fimbo ya marehemu kwapani.

"Wazaramo!" alipaza sauti juu ya muziki. "Kumbe mnakula wali wa mwizi huyu, wala hamniiti? Lucian kafa na deni langu! Mizani yake ilikuwa inaiba, sasa huko aliko anapimwa yeye, na nasikia kapungua!"

Wazaramo wakaangua kicheko. Walikuwa wamekisubiri kicheko hicho tangu siku ya kaburi.

"Na mke wangu yuko wapi? Genoveva! Toka huko nyuma ya mlango, nimekuja kurithi. Kitanda nimeshakilalia, kinafaa."

Vigelegele. Genoveva mwenyewe kicheko kilimpanda kooni, kikafia pale pale, kwa sababu aliutazama mkono wa Bartolomeo.

Maneno akainama, akanyanyua sindano kwa mkwaruzo uliowachoma watu meno, akaichomoa santuri. "Na hii nachukua. Nipeni kuku, jogoo, tena wa kunona, au naivunja mbele yenu. Lucian, unasikia, ewe mchawi? Naivunja!" Akaiinua juu kwa mikono miwili, akainama kama mtu anayetaka kuivunjia kwenye goti.

Kidole gumba kiliingia ndani ya ngumi.

Genoveva aliinuka. Lilikuwa ni jina moja tu la kuliita, na kama angeliita huenda mtu yule angegeuka. Lakini ulimi uliokatazwa miaka hauachi katazo kwa mara moja. "Benedikta!" akapiga kelele. "Benedikta, mshike!"

Benedikta alikuwa uani.

Bartolomeo aliuchomoa ule mkono wa chuma kutoka ubavuni mwa gramafoni na kumpiga nao Maneno sikioni. Sauti ya pigo ilikuwa kama ya dafu linalopasuliwa. Maneno hakulia, alisimama vile vile, santuri mkononi, na kicheko bado kiko usoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Damu ikatoka sikioni, nyembamba, halafu nyingi. Pigo la pili lilimvunja taya. Akaanguka kifudifudi juu ya santuri, na ukumbi mzima ukaisikia ikivunjika chini ya kifua chake.

Mwishehe alimrukia Bartolomeo kwa nyuma. Alipigwa kiwiko cha pua, akaenda chini juu ya santuri yake mwenyewe. Watu waliponyoka kupitia mlangoni na madirishani. Kijana mmoja wa kambini aliyekuwa akichungulia alikwisha kutimua mbio, na sauti yake ilisikika ikiishia kwenye mikonge: "Maneno kauawa! Mhaya kamuua Maneno!"

Genoveva alikuwa ameshapiga magoti penye damu. Alimgeuza Maneno ubavu ili asisongwe, akamtia vidole mdomoni, akatoa jino na bonge la damu, akasikia pumzi. Akamfunga kanga yake ya mabegani kichwani, akaikaza.

Bartolomeo alisimama katikati ya ukumbi, chuma bado mkononi. Benedikta aliingia, akaona, akashika tumbo. "Mwambie mama," Bartolomeo alisema, na hata wakati ule aliangalia pembeni, "mwambie huyu mtu amemtukana baba mbele ya watu, na watu wakacheka."

"Ni mtani!" Benedikta alilia. "Ni mtani wake! Alikuwa anafanya kazi yake! Mungu wangu, we mwanamume, ni mtani!"

Neno lile halikumwingia. Genoveva aliliona likimgonga na kuanguka.

"Kimbia," Mwishehe alisema kwa sauti ya puani, damu ikimchuruzika kwenye kanzu. "Panda lori lako uende Boma ukajisalimishe. Hawa wa kambini wakifika hawataki maelezo."

"Sikukimbia Burma."

"Burma hukupiga mtu sikio msibani!"

Bartolomeo alitupa chuma, akaenda kona ya uani palipokuwa na panga la kuchanjia kuni.

Wakafika. Hawakuwa wengi, lakini walikuja na visu vya kukatia mkonge, vile virefu vyenye ncha pana, na mbele yao alikuwa Husseini, mpwa wa Maneno, kijana mrefu aliyekuja hana shati. Hakuuliza swali. Wa kwanza kati yao alimkuta Mwishehe mlangoni ameinua mikono anasema "jamani, jamani, yuko hai," akampiga ubapa wa kisu shavuni, Mwishehe akaviringika. Wakapita juu yake mpaka uani.

Genoveva alisimama kwenye kizingiti cha nyuma, akaona vyote. Bartolomeo alipigana kama mtu aliyefundishwa kuua. Alimkata mmoja vidole, kisu kikaruka majivuni. Alimpiga mwingine goti la tumbo, akamkanyaga alipokuwa chini. Husseini akaja, wakakutana chuma kwa chuma, mara mbili, kisha panga la Bartolomeo likapita chini na kumfungua Husseini paja. Nyama ikaonekana nyeupe kwanza, halafu nyekundu. Husseini akapiga yowe, akaanguka kwa goti moja. Bartolomeo akainua panga juu ya shingo yake.

Genoveva alielewa kwamba akishusha, atanyongwa na serikali. Na asiposhusha, atauawa na hawa waliobaki. Kwa Benedikta na kwa kile alichobeba tumboni, ilikuwa mamoja. Alisema, "Mama Maria," wala hakuwa na zaidi ya hapo la kuomba.

Bartolomeo hakushusha. Alisita kidogo, labda kwa kuona jinsi Husseini alivyokuwa kijana, na katika kusita huko mtu wa nyuma akampiga mpini wa jembe nyuma ya magoti. Akaenda chini chali. Panga likamtoka. Husseini, damu ikimfoka pajani, alijikokota mpaka juu yake, akainua kisu kwa mikono miwili.

Mwanamke yule aliyekuwa akipisha majanini kila akimwona mkwewe alikimbia kichwa wazi. Alijitupa juu yake, kifua kwa kifua, akamfunika uso kwa nywele zake zenye mvi, na mkono wake wa kulia akaurusha juu bila kujua. Kisu kilikuwa kimeshaanza safari. Kilipita kiganjani, kikakata kuanzia katikati ya kidole cha kati hadi kwenye kifundo cha mkono pale mapigo yanapoonekana, kikaishilizia ardhini karibu na sikio la Bartolomeo.

Wale wanaume walikuwa na visu vyao, na mbele yao mtu waliyemtaka alikuwa chini. Hakuna aliyesogea. Mmoja aligeuza uso akautazama ukuta. Mwingine akautazama mchanga. Hata kwao Unyamwezini hakuna mtu aliyewahi kuona mama mkwe amemlalia mkwewe mchana, mbele ya watu, wala hakuna aliyejua macho ayaweke wapi. Na damu iliyokuwa ikimwagika ilikuwa ya mfiwa, mjane wa mtani wao.

"Mama," Husseini alisema, na kisu kikamlegea. "Mama, umefanya nini? Nimekukata wewe."

"Umenikata," Genoveva alisema. "Basi inatosha."

"Mjomba wangu kafa!"

"Hajafa. Nenda ukamtazame."

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ya mdomo uliovunjika, maneno yakitoka upande mmoja kama uji. Maneno alikuwa amejiburuta mpaka kizingitini, kanga ya Genoveva kichwani, imelowa. "Wazaramo nyie," alisema. "Arobaini... haijaisha hata jua kutua... ushalala na mkweo uani? Ningejua... ningekuja mapema."

Hakuna aliyecheka. Halafu mwanamke mmoja nyuma ya jiko akacheka, kicheko cha woga kama kikohozi. Mwingine akamfuata, na wa tatu alikuwa anacheka na kulia pamoja, na wale Wanyamwezi wakatazamana, mmoja akaketi chini pale pale aliposimama na kushika kichwa.

Lakini Genoveva aliusikia mwili ulio chini yake ukikaza. Tusi lile Bartolomeo alilisikia kama tusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa mchangani, unatafuta panga.

Alimkandamiza kwa uzito wake wote. Akaweka mdomo sikioni mwake.

"Bartolomeo," alimwita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. "Bartolomeo mwanangu, tulia. Huyu ni mtani wetu. Kututukana ndiyo kazi yake, na sisi kazi yetu ni kucheka. Alikuja kumlilia baba yako kwa namna yao. Ile santuri angeirudisha, akishapewa kuku. Tulia."

Mkono ukaacha kupapasa. Alimsikia akivuta pumzi, moja, ndefu, ikitetemeka kama ya mtoto.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Ni kweli. Hakuna aliyekuambia."

Bartolomeo mwenyewe ndiye aliyewapeleka Kisarawe, kwa sababu hapakuwa na dereva mwingine. Walimlaza Husseini nyuma ya lori, paja limefungwa kwa shuka ya Mwishehe, ile ya kubebea santuri. Aliyekatwa vidole aliegemea ubao. Maneno alikaa katikati, na Mwishehe na pua yake, na Genoveva. Njia ilikuwa ya mashimo, na kila shimo lilitoa sauti kwa kila mtu. Husseini, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi ya kupotewa na damu, aliushika mkono wa Genoveva juu njia nzima ili usiendelee kumwaga damu, na hakuna aliyemwagiza. Kwa mkono wa kushoto Genoveva alihesabu rozari. Mle mbele Bartolomeo alikuwa akiendesha polepole, akipunguza mwendo kabla ya kila shimo.

Kwenye zahanati ya Boma walimkuta dresa mmoja tu, mfunga vidonda, mtu mzima mwenye miwani, ambaye alitazama kundi lile likishushwa na kuvua miwani.

"Haya ni vita au harusi?" aliuliza. "Nani kawakata?"

Husseini alitazama ukuta. Mwishehe alishika pua yake. Bartolomeo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitoa mbele, viganja juu, tayari kufungwa. "Mimi—" alianza.

"We dresa," Maneno alimkatiza, "kabila gani?"

"Mzaramo."

"Ndiyo maana unauliza maswali ya kijinga. Tia uzi kwenye sindano, ushone. Ukikosea nitakuja msibani kwako."

Dresa alimtazama. Akatazama kanga yenye damu, na mjane, na Mhaya aliyetoa mikono. Akavaa miwani yake. "Mnyamwezi we," alisema, "hata ukivunjwa mdomo haufungiki," akaenda kuchemsha vyombo.

Alianza na paja la Husseini. Halafu akamkalisha Maneno, akamsafisha sikio kwa pamba, pamba baada ya pamba, akachukua saa yake ya mfukoni na kumwekea.

"Unaisikia?"

"Nini?"

"Saa hii."

"Saa gani?"

Dresa akairudisha mfukoni. Bartolomeo aliliona jambo hilo. Alitoka mlangoni, akapita mbele ya benchi, akaenda kukaa chini upande wa pili wa Maneno, upande wa sikio zima. Alikaa hapo akiitazama mikono yake.

"Ile santuri ya baba," alisema mwisho. "Ilikuwa nzuri kuliko zote."

"Uongo," Maneno alisema, taya limefungwa kitambaa. "Ya tatu."

"Ya tatu?"

"Ya pili ni ya Mwishehe, lakini usimwambie, atavimba. Ya kwanza ni yangu. Nimetoka nayo Tabora mpaka Mbwawa ndani ya shati, iko kule chumbani kwa Lucian, chini ya mto. Hamkunipa nafasi ya kuipiga." Alipumzika, akameza. "Jumapili njoo kambini uisikie. Uje mikono mitupu. Ule mkono wa gramafoni mwachie mkeo."

Bartolomeo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, na mabega yakaanza kumtikisika. Hakuna aliyemgusa.

"Mama, zamu yako," dresa alisema. Alimfungua Genoveva mkono, akautazama kwa muda, akamwambia kwa upole kwamba vidole viwili havitakunja tena. Genoveva akauliza kama atashika jembe. Atashika, dresa akasema, kwa taabu. Akauliza kama atampokea mtoto wa Benedikta.

"Atakayeshika mtoto atamshika hata kwa mkono mmoja, mama."

"Haya," alisema. Aliweka pindo la kanga katikati ya meno yake, akakaza macho mlangoni, na dresa akavuta uzi.